Utumwa wa Malindi haukuishia baharini

Kila video ya utumwa wa Pwani ninayokutana nayo siku hizi ina ule mchoro wa meli, watu wamelazwa wamebanana kama dagaa. Jamani, ile ni Brookes, meli ya Liverpool, na mchoro ulichapishwa Uingereza mwaka 1788. Ilikuwa meli ya Atlantiki. Huku kwetu watu walibebwa kwa majahazi, na wengi walitembezwa kwa miguu.

Lakini sawa, picha tuiache. Kinachonikera ni hadithi inayokuja nayo: Mwarabu alikuja, akakamata watu, akapakia, akaenda zake Uarabuni, mwisho. Utadhani Malindi ilikuwa stendi ya kupandia tu. Naipinga hii hadithi manake inaficha kitu ambacho tumekikalia mpaka leo. Ardhi.

Kwa maelfu ya watu, Malindi ndiyo ilikuwa mwisho wa safari. Katikati ya karne ya 19 mji huu ulikuwa magofu na vichaka. Kuanzia miaka ya 1860, chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, ukafufuliwa kwa kilimo. Mtama, ufuta, mahindi, baadaye minazi. Nafaka ilisafirishwa mpaka Uarabuni. Na aliyelima ni nani? Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu waliotolewa kusini kupitia Kilwa. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kuzuia biashara hiyo baharini, misafara ikahamia nchi kavu, watu wakaswagwa kufuata pwani kuja kaskazini. Kwa hivyo mtu akikwambia 1873 ndiyo utumwa uliisha, mwambie aje aulize mashamba ya Malindi.

Na tusijifanye malaika. Wenye mashamba walikuwa Waarabu na Waswahili, na njaa ya 1884 ilipobana, kuna wazazi wa Kimijikenda walioweka watoto rehani ili wapate chakula. Hiyo sehemu huwa hatuisimulii matangani.

Sehemu nyingine tusiyoisimulia, na hii ndiyo ninayoipenda, ni watoro. Watu walitoroka mashambani wakaingia bara wakajenga vijiji vyao. Fuladoyo ni kimojawapo. Walikaa watoro, wakakaa Wagiriama, wakalima, wakasali. Mwaka 1883 wakavamiwa na watu wa pwani waliotaka mali yao irudi, "mali" yenyewe ikiwa ni binadamu. Frere Town ya Kisauni, iliyoanzishwa na wamishonari 1875, imo vitabuni na hata mtaa unaitwa hivyo mpaka kesho. Fuladoyo, ambayo watu walijikomboa wenyewe, ukimuuliza kijana wa Malindi leo atakwambia ni kwa Mto gani huko.

Sasa twende 1907. Waingereza wakaifuta hali ya utumwa kisheria ukanda huu. Fidia ikatolewa. Kwa mwenye mtumwa! Aliyelima miaka ishirini hakupewa hata jembe. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya Pwani: kila mwenye madai ajitokeze aandikishe shamba lake, na kisichodaiwa kikawa cha serikali ya mkoloni. Hebu fikiria. Mtu aliyekuwa mtumwa jana, anadai vipi shamba mbele ya afisa, na kwa karatasi gani? Mgiriama ambaye ardhi yao ni ya ukoo, haina jina la mtu mmoja, anaandikisha vipi? Wenye majina na mashahidi wakaandikisha. Wengine wakageuka wageni pale pale walipolima.

Halafu Wazungu nao wakaja na mashamba ya mpira na pamba, wakakuta hakuna wa kuyalima. Wagiriama walikuwa na chakula chao, kibarua cha nini? Ndipo ikakazwa kodi ya nyumba, na ikaja amri kwa wazee watoe vijana wakafanye kazi. Mekatilili wa Menza alisimama mwaka 1913 kwa ajili ya hilo. Wakamkamata wakampeleka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914 wakalipua Kaya Fungo kwa baruti. Leo sanamu yake iko Malindi na kila mwaka tunamchezea ngoma, vizuri sana, lakini ukimgeuza awe mavazi na ngoma tu unasahau kwamba yule mama alikuwa anakataa kibarua cha lazima.

Ndiyo maana neno "skwota" linaniuma likitamkwa na watu wa ofisini kama vile sisi tulivamia. Malindi na Kilifi kuna familia zimejenga nyumba, zimezika babu na mababu pale, na bado kila mwezi zinalipia kiwanja kwa mtu ambaye hawajawahi kumwona. Nyumba yako, ardhi si yako. Hii haikuanza na serikali ya juzi.

Wala sisemi jirani mwenye jina la Kiarabu atoe shamba kesho. Wengi wao wanapanga kama sisi. Nasema tu kesi za ardhi za huku zisianzie 1963, zianzie 1907.

Kama kwenu mnalipia kiwanja, siku ya kodi muulize anayekuja kukusanya: hati ya kwanza ya shamba hili iliandikwa mwaka gani, na kwa jina la nani? Akijibu, niandikieni hapo chini.