NYUNDO AU KEEKEE? TWATAKA KUJUA ALIYECHAGUA NI NANI

Ndugu Wanachama,

Liko neno tulilolisikia mara nyingi mno kazini, na safari hii hatukubali kulimeza. Neno lenyewe ni hili: "Mambo ya msingi ni ya injinia. Kazi yenu ni kuchimba." Tuliambiwa hivyo na nyapara wa kontrakta mmoja, kando ya njia ya reli ipitayo Kibera, siku tulipouliza kwa nini nguzo za daraja zinapigiliwa kwa nyundo mahali ambapo ukuta wa nyumba ya mtu uko hatua chache tu kutoka kwenye mtambo. Jina la kontrakta hatulitaji. Wako wengi wa namna yake, na tukimtaja mmoja wengine watafurahi.

Sisi ni watu wa genge la njia. Hatukusoma Chuo Kikuu, tulisoma shule ya misheni tukatoka na hesabu za kutosha kuhesabu mshahara uliopunjwa. Lakini ardhi ya Nairobi twaijua, kwa sababu kila masika twaamka usiku kuinua reli iliyolala upande mmoja. Basi tutasema tunayoyajua.

Kwanza tueleze kwa ajili ya wenzetu wa karakana na wa ofisini ambao hawajaiona kazi hiyo. Ardhi ya juu ikiwa laini, jengo au daraja haliwezi kukaa juu yake. Hapo nguzo hushushwa chini mpaka zifike mahali pagumu. Ziko njia tatu kubwa za kuzishusha.

Njia ya kwanza ni nyundo. Nguzo ya zege au ya chuma huletwa ikiwa tayari, husimamishwa, na nyundo ya mtambo huipiga kichwani mpaka ikatae kuingia. Njia hii ina sifa zake, wala hatuzifichi. Nguzo waiona kwa macho kabla haijazikwa. Kila pigo ni kipimo: ukiona pigo kumi zimeiingiza kiasi kidogo sana, wajua imekaza. Tena hakuna shimo la kubomoka wala udongo wa kuchukua kwa lori. Mahali kama bandarini Mombasa, penye tope na maji, nguzo za chuma za kupigiliwa ni kazi safi.

Njia ya pili ni keekee. Mtambo hutoboa shimo, na bomba la chuma, au matope laini ya bentonaiti, huzuia kuta zisianguke. Kizimba cha nondo hushushwa ndani, kisha zege humiminwa kwa bomba kuanzia chini kwenda juu ili isichanganyike na maji. Keekee yaweza kuingia ndani ya mwamba wenyewe na kuifunga nguzo humo. Haitikisi jirani kama nyundo. Aibu yake ni kwamba kazi yote imefichwa. Tope likiachwa chini ya shimo, au zege ikikatika katikati, juu utaona kichwa kizuri tu.

Njia ya tatu ni mikono yetu. Mtu hushushwa shimoni kwa kamba pamoja na sururu na ndoo. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa sababu mtu ndiye aliye rahisi kuliko mitambo yote. Tutairudia.

Sasa tuitazame ardhi yetu. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 ilikuta bonde la maji baridi na udongo mweusi, ule tuuitao pamba nyeusi. Udongo huo wakati wa mvua huvimba, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukienda upande wa magharibi, Kawangware na Kabiro, wapata udongo mwekundu, wenye kina kirefu na wenye kusimama vizuri ukichimbwa. Na chini ya yote mna mwamba uliotoka katika moto wa volkano za zamani, lakini mwamba huo haukulala kama meza. Pengine waukuta kwa kina cha mita 2, na hatua chache mbele waukosa kabisa. Katikati yake mna mawe ya duara makubwa kama tanuri.

Kibera ina jambo lake la ziada. Mabonde yake yashukayo kuelekea Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 na sasa limejaa tope na magugu, yamejazwa takataka kwa miaka mingi, na juu ya takataka hizo watu wamejenga. Hapo unachokikanyaga si ardhi. Ni jaa lililofunikwa vumbi.

Basi mtu akija na nyundo katika ardhi ya namna hiyo, nini hutokea? Tuliyaona kwa macho yetu. Nguzo ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili ilikutana na jiwe, ikapigwa mpaka kichwa kikavunjika. Kikakatwa, na kazi ikaendelea kana kwamba jiwe ndio mwamba. Nyumba za udongo na mabati zilizo karibu ziliacha plasta yake chini, na mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni kuuliza kama ahame au akae, asipate wa kumjibu. Na sisi wa genge tuliitwa usiku kushindilia kokoto chini ya mataruma, kwa kuwa njia ilikuwa imeanza kulegea na treni ya abiria ya asubuhi ilikuwa haina budi kupita. Saa hizo za usiku hatukulipwa na kontrakta. Tuliambiwa ni kazi ya reli.

Tulipolalamika tulijibiwa hoja tatu. Tuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: nyundo ni rahisi kwa bei. Rahisi kwa nani? Yule mama amenunua udongo na mabati mapya. Genge limelipa kwa usingizi wake. Nguzo zilizovunjika zimeliwa na hesabu ya kazi, yaani na fedha za wananchi. Bei haikupungua hata senti moja, ndugu zetu. Ilihamishwa tu kutoka mfuko wa kontrakta ikatiwa katika mifuko ya watu wasioalikwa mkutanoni.

Hoja ya pili: nyundo ni ya haraka. Ni kweli, katika tope. Katika mawe nyundo husimama, na mtambo uliosimama hauna haraka yoyote.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuudhi: "Nyumba za huko ni za udongo tu, zingeanguka hata hivyo." Twajibu hivi. Kwa kuwa nyumba ni dhaifu, ndiyo sababu ya kutokuzitikisa. Mganga hampigi mgonjwa eti kwa sababu ni mgonjwa. Tena sheria haikutofautisha. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka wa 2009, zilizowekwa chini ya sheria ya mazingira, zimeweka mpaka: mtetemo usizidi nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa mahali pa kazi. Hazikusema "isipokuwa Kibera". Je, ni nani alikuja na chombo cha kupimia? Sisi hatukukiona.

Na tuwakumbushe jambo moja. Reli mpya kutoka Nairobi kwenda Suswa ilipoanza mwaka wa 2019 ilipita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwa daraja la kilomita 6 hivi. Nguzo za daraja hilo zilifanywa ndefu ili twiga apite chini bila kuinama, na juu yake zikawekwa kingo za kuzuia kelele ili wanyama wasishtuke. Hatuwaonei wivu wanyama. Ni mali ya nchi na walistahili. Lakini Kibera si mbali na mbuga hiyo. Ikiwa injinia aliweza kumfikiria twiga kabla hajachora nguzo, atashindwaje kumfikiria mtoto alalaye upande wa pili wa ukuta wa udongo?

Sasa turudi kwenye njia ya tatu. Nyundo iliposhindwa, twadhani keekee italetwa? Hapana. Kukodi keekee ni fedha. Waliletwa vijana kutoka langoni, wa kulipwa kwa siku, wakapewa kamba. Walichimba chini zaidi ya kimo cha watu wanne, pasipo mbao za kuzuia ukuta, pasipo kofia ya chuma, na ndoo ya mawe ikipanda na kushuka juu ya vichwa vyao. Hewa haikusukumwa ndani. Katika ardhi iliyojaa takataka hewa mbaya hukaa chini, na haina harufu ya kukuonya kila mara. Siku ya tatu kijana mmoja alinyamaza. Alivutwa juu kama gunia. Alipona, twamshukuru Mungu. Alipewa ujira wa siku ile na kuambiwa asirudi.

Twasema wazi: hilo si chaguo la ufundi. Ni chaguo la kumtumia mtu pale ambapo mtambo ni ghali. Kila kijana wa huko ajue ya kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inampa haki ya kutoa habari ya hatari na kuondoka, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pa hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kibarua wa siku moja naye ni mfanya kazi. Chama kisichomtetea kibarua kitakuta kesho vibarua wote wamewekwa mahali pa wanachama.

Wako wenzetu watakaosema, "Basi keekee ndiyo dawa, tuombe keekee tumalize." Hapana, hatukusema hivyo. Keekee mikononi mwa mwizi ni mbaya kuliko nyundo. Nyundo ikivunja nguzo, mtaa mzima husikia. Keekee ikiacha shimo fupi kwa mita 3, anajua mwendesha mtambo na Mungu. Kwa hiyo anayetaka keekee hana budi kutaka na macho ya kuitazama.

Tena pengine nguzo hazitakiwi kabisa. Mahali ambapo pamba nyeusi ina kina cha mita 1 au 2 tu juu ya mwamba, ondoa udongo wote, kaa juu ya mwamba, na umalize. Kontrakta alipwaye kwa mita za nguzo hatakwambia hivyo. Na mahali ambapo pamba nyeusi ni nene, nguzo fupi ni hasara, maana udongo ukivimba huishika ubavuni na kuivuta juu kama jino. Lazima ishuke kupita udongo uchezao, na nondo zifike mpaka chini. Na palipo na uchochoro usiopitisha lori, ziko nguzo nyembamba, zisizofika sentimita 30 upana, ambazo mtambo mdogo waweza kuzitoboa bila kubomoa nyumba kumi ili upate njia ya kuingia.

Mwaonaje basi? Chaguo si moja. Lategemea ardhi, na ardhi haijulikani kwa kukaa ofisini. Ni lazima itobolewe na kuchunguzwa kwanza, mahali pengi, si shimo moja la kupiga picha. Na kabla ya mtambo kuja, waulizwe wachimba vyoo. Ndiyo, wachimba vyoo! Hakuna mtu Kibera wala Kawangware ajuaye kama wao ni wapi mwamba uko karibu, wapi ni jaa, na wapi maji hutoka ukifika kimo cha mtu. Wamechimba maelfu ya mashimo, na hakuna aliyewahi kuwauliza neno.

Wapo wanaotwambia hayo ni makuu. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, ukingoni mwa mto, baada ya mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 50. Walikuwa wapangaji, wafanya kazi kama sisi. Wao hawakuulizwa juu ya msingi. Walilipishwa kodi tu. Na sasa majengo marefu yanazidi kuinuka Kibera na Kawangware, mengine ya serikali, mengine ya watu binafsi, na wakaao humo watakuwa ni sisi na watoto wetu.

Kwa hiyo twataka mambo haya, na tawi letu litayapeleka mbele kwa barua:

1. Ardhi ichunguzwe kabla ya njia kuchaguliwa, na matokeo yabandikwe mahali watu wapitapo, kwa Kiswahili.

2. Nyundo isitumike karibu na nyumba au njia ya reli bila chombo cha kupima mtetemo, na genge la njia lijulishwe kabla ya pigo la kwanza.

3. Kila nguzo ya keekee ipimwe kina na mtu asiyelipwa na kontrakta, na nguzo kadhaa zijaribiwe kwa uzito.

4. Mtu asishushwe shimoni mahali ambapo mtambo waweza kufika. Pasipofika, pawe na mbao, hewa, kamba ya kiunoni, na mwenzake juu.

5. Saa za usiku za genge, na ukuta wa jirani uliopasuka, viandikwe katika hesabu ya kazi tangu mwanzo. Hapo ndipo tutaona kama nyundo bado ni rahisi.

Hatukatai maendeleo. Daraja twalitaka, kwa maana ni sisi tuwaokotao waliogongwa na treni wakivuka njia kwa miguu. Lakini yule nyapara alisema kazi yetu ni kuchimba. Basi, tumechimba, na hivi ndivyo tulivyovikuta chini. Atujibu.

Ni sisi wenzenu,
Wafanya kazi wa Njia, Kibera