Superman na Mabwana Zake

Imezoeleka miongoni mwa wahakiki wa hadithi za picha za Marekani kusema kuwa Superman ni kioo cha nyakati: zama za dhiki alikuwa mkali, zama za vita alikuwa mzalendo, zama za neema alikuwa mpole, na zama hizi za mashaka naye amekuwa na mashaka. Usemi huu ni mtamu masikioni, na mwanafunzi auandikaye katika mtihani hakosi alama. Ila yake ni moja, nayo ni kubwa: hauna mtu ndani yake. Nyakati haziandiki hadithi wala hazizifuti. Kioo hushikwa na mkono, na swali ambalo wahakiki hawa hawaliulizi ni mkono wa nani.

Superman alitungwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Alitokea katika toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, lililouzwa kwa senti 10. Siku hizo hakuwa akiruka angani kama ndege. Alikuwa akichupa tu, na chupo lake halikuzidi mita 200. Lakini yastahili kutazamwa zaidi maadui aliokuwa nao. Katika toleo lile hakupambana na jitu lolote la sayari ya mbali. Alimwamsha gavana usiku wa manane ili mwanamke asiye na hatia asiuawe kwa hukumu ya serikali. Alimwadhibu mume aliyekuwa akimpiga mkewe. Kisha akaenda Washington kumwandama wakala aliyekuwa akimnunua seneta.

Toleo la pili liliufuata uzi ule ule mpaka kwa tajiri wa silaha aitwaye Norvell. Superman hakumpeleka gerezani. Alimlazimisha avae sare ya askari aende vitani San Monte, nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini, akazionje mwenyewe risasi alizokuwa akiziuza. Tajiri alipoapa kuiacha biashara hiyo, Superman aliwakamata majemadari wa pande zote mbili, akawaamuru wapigane wao kwa wao. Walisita, kwani hapana hata mmoja aliyejua walikuwa wakigombea nini. Katika toleo la tatu mwenye mgodi na wageni wake wa karamu walinaswa chini ya ardhi, wakaijua taabu ya wachimbaji. Katika toleo la Januari 1939 shujaa huyu aliibomoa mitaa mizima ya vibanda, akiwahimiza wakazi watoke na vyombo vyao, ili serikali isiwe na budi ila kujenga nyumba mpya, nayo ilijenga.

Haidaiwi hapa kuwa Superman yule alikuwa mwema wa kuigwa. Alikuwa mbabe. Alitisha, alivunja, wala hakumtaka mtu shauri, na ni halali kwa msomaji kuiogopa haki iamuliwayo na misuli. Lakini alilijua jambo moja ambalo warithi wake wamelisahau, kwamba madhara makubwa aghalabu hutendwa na watu wenye leseni, ofisi na jina jema.

Je, ni nyakati zilizomlainisha? Tarehe zinakataa. Kufikia 1940 mhariri Whitney Ellsworth alikuwa amekwisha muwekea mipaka ya mwenendo, na mapambano na matajiri yakapungua. Ilhali mwaka huo huo wasio na kazi Marekani walikuwa bado mamilioni. Dhiki haikuwa imekwisha. Kilichobadilika ni thamani ya mali: Superman alikuwa sasa magazetini kila siku na katika redio, na mali iliyonona haiachwi igombane na wanunuzi. Wala haikuwa tena mali ya watungaji wake. Siegel na Shuster walikuwa wameiuza Machi 1938 kwa dola 130, kurasa 13 kwa dola 10 kila moja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni hadithi ambayo haikuchapishwa. Mwaka 1940 Siegel aliandika kisa ambamo Superman anamfunulia Lois Lane siri yake, na tangu hapo wanakuwa washirika. Mtungaji mwenyewe alitaka kiumbe wake akue. Kisa kikazuiwa, na Lois akaachwa gizani hadi 1991. Miaka hamsini na kitu mwanamke mwerevu, mwandishi wa habari, alifanywa asimtambue mtu kwa sababu ya miwani! Nyakati zilibadilika mara ngapi katika muda huo?

Mwaka 1954, daktari wa akili Fredric Wertham alipovishutumu vitabu hivi kuwa vinawapotosha watoto, wachapishaji walijitungia kanuni. Si serikali iliyozitunga, bali wao wenyewe. Mojawapo ilikataza kuwaonyesha polisi, mahakimu, maofisa wa serikali na taasisi zenye heshima kwa namna itakayoyavunjia heshima mamlaka yaliyopo. Kwa kanuni hiyo kisa cha seneta na wakala wake kilikuwa haramu.

Mwanazuoni wa Kitaliano Umberto Eco aliandika mwaka 1962 kwa mshangao kuwa kiumbe awezaye kuugeuza ulimwengu anazitumia siku zake kukamata wezi wa benki. Kwamba katika hadithi zake uovu ni kugusa mali ya mtu, na wema ni sadaka tu. Eco alisema kweli juu ya Superman aliyekuwa mbele yake. Kosa ni la wale walioichukua kauli yake kuwa ndiyo maumbile ya shujaa huyu, kana kwamba alizaliwa mlinzi wa makabati. Aliajiriwa kazi hiyo baadaye.

Zipo nyufa, na mhakiki mwadilifu hana budi kuzitaja. Mwaka 1946 mchezo wa redio ulimpambanisha Superman na kundi la wabaguzi waliofanana waziwazi na Ku Klux Klan. Mwaka 1986 John Byrne alimfanya Luthor, aliyekuwa mwanasayansi mwendawazimu, kuwa tajiri mwenye makampuni. Lakini ufa huzibwa. Mwaka 2011, katika toleo la 900, Superman alitangaza kuuacha uraia wa Marekani. Kabla ya mwaka kwisha historia yake yote ikaanzishwa upya, na tangazo lile likawa kama halikunenwa. Hata kifo chake cha 1992 kilikuwa cha dukani: watu walipanga foleni kukinunua, na mwaka uliofuata alikuwa hai.

Katika filamu ya 2013 alimvunja shingo adui yake, na wapenzi wake wakabishana miaka mingi kama ni halali Superman kuua. Wengi waliuliza pia juu ya majumba yaliyoporomoka kabla ya hapo yakiwa na watu ndani. Yule mbabe wa 1939 aliwatoa wakazi kwanza.

Filamu ya 2025 imerudisha vita vya nchi mbili za kubuni, Boravia na Jarhanpur, na nyuma yake tajiri mwenye faida. Wengi wameishangilia kama marejeo ya asili. Tofauti yataka macho: Luthor ni mwovu kwa sababu ya kijicho, Norvell alikuwa mwovu kwa sababu ya kazi yake, ndiyo maana aliweza kuiacha.

Siegel na Shuster walipewa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja, na majina yao kurudishwa, mwaka 1975 tu, wakati filamu kubwa ilipokuwa ikitayarishwa na aibu ikawa ghali. Kwa sheria ya Marekani hakimiliki ya maandishi ya 1938 itakoma mwisho wa 2033. Alama ya biashara itabaki kwa kampuni, lakini kuanzia tarehe 1 Januari 2034 mtu yeyote ataweza kumwandika, bila ya idhini, yule Superman asiyejua kuruka. Na pamoja naye watatoka Norvell, majemadari wa San Monte, na mwenye mgodi.