Marekani: Kwa nini malipo ya kuachishwa kazi hayafiki yote mfukoni

Kiwanda kinapofungwa Marekani, simu zinalia mpaka Uvira, Bukavu na Goma. Jamaa huku wanasikia kwamba ndugu yao ameachishwa kazi, lakini kampuni itamlipa dola elfu kadhaa kabla ya kumuaga. Kisha wiki chache, feza inayoonekana ni pungufu sana, na maneno yanaanza: ndugu ametudanganya? Kampuni imemuibia? Mara nyingi si huyu wala ile. Ni kodi, na sehemu yake inaweza kurudishwa.

Jambo hili linagusa watu wengi. Tangu miaka ya 2010, Wakongomani ni kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wao wakitokea mashariki ya inchi yetu na makambi ya inchi jirani. Wengi wamepata kazi katika viwanda vya nyama na maghala ya bidhaa. Kazi hizo hazina uhakika. Mwezi wa Juni 2024, kampuni ya Tyson ilifunga kiwanda chake cha nyama ya nguruwe huko Perry, jimbo la Iowa, na watu karibu 1,300 wakapoteza kazi.

Jambo la kwanza la kujua: sheria ya taifa la Marekani hailazimishi kampuni kulipa mtu inayemuachisha. Inachoomba kwa kampuni zenye wafanyakazi 100 na zaidi ni kutangaza siku 60 mbele, wakati kiwanda kinafungwa ao watu wengi wanaondolewa. Malipo yanatokana na mkataba ao na hiari ya kampuni. Jimbo la New Jersey ni tofauti: tangu Aprili 2023, kampuni kubwa zinazoondoa watu wengi zinapaswa kulipa mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka wa kazi.

Feza hiyo ikilipwa, serikali inaihesabu kama mshahara. Mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba inakatwa pia mchango wa uzeeni na wa matibabu ya wazee. Ni kama vile IPR na CNSS kwetu: viwili vinakatwa pamoja.

Tuchukue mfano wa dola 8,000. Kampuni nyingi zinakata 22% kwa kodi ya mapato, ni kusema dola 1,760. Mchango wa uzeeni ni 6.2%, sawa na dola 496. Wa matibabu ni 1.45%, sawa na dola 116. Zinabaki dola 5,628. Majimbo mengine yanaongeza kodi yao. Texas na Tennessee hazikati kodi juu ya mshahara.

Lakini ile 22% si kodi ya mwisho. Ni makadirio tu, na ni sawasawa kwa maskini na kwa mwenye kipato kizuri. Kwa mwaka 2024, mume na mke waliotangaza mapato yao pamoja hawakutozwa kodi juu ya dola 29,200 za kwanza, na kipande kilichofuata kilitozwa 10%. Kama mapato yao yote ya mwaka, pamoja na zile 8,000, yalikuwa dola 43,000, kodi ya kweli juu ya malipo hayo ilikuwa dola 800. Walikatwa 1,760. Basi dola 960 ni zao.

Serikali hairudishi feza hiyo kwa mtu aliyenyamaza. Lazima kutangaza mapato, kwa kawaida mbele ya tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata, na karatasi ya W-2 inayotolewa na kampuni. Hapo ndipo wengi wanapoteza: kisha kuachishwa wanahamia mji mwingine, na W-2 inatumwa kwa anwani ya zamani. Aliyechelewa ana miaka 3 ya kudai. Kuna pia huduma ya VITA, inayosaidia bure watu wa kipato kidogo kujaza makaratasi.

Paspoti haibadilishi hesabu hii. Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, ao aliyeishi huko siku za kutosha, anatozwa kama raia. Hata akirudi Bukavu, malipo ya kazi aliyofanya Marekani yanabaki mapato ya Marekani.

Wengine watasema: Dubai ni afazali. Ni kweli kwamba Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mshahara, na sheria yao inampa mgeni aliyemaliza kazi mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha siku 30. Lakini feza hiyo ndiyo yote. Hakuna malipo ya uzeeni yanayomngojea huko. Marekani, mchango uliokatwa unahesabiwa, na mtu anahitaji miaka karibu 10 ya kazi ili apate haki ya uzeeni.

Kwa hiyo, anayeachishwa kazi asiahidi nyumbani hesabu iliyoandikwa kwenye barua ya kampuni. Aahidi kufuatana na ile iliyoingia benki. Na jamaa huku, mbele ya kumuita ndugu mwongo, wamuulize kwanza swali moja: umekwisha kutangaza mapato yako ya mwaka?