Kikombe Kisicho na Hatia

Masika ya mwaka 2020 nilikuwa nimekaa kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, upande wa Dabaga, wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na huku kwetu mvua ndiyo riziki ya mgema, kwa maana kiangazi mlanzi hautoi kitu. Tulikuwa watu saba tumebanana kwenye mabenchi mawili, mlango umeegeshwa kuzuia baridi, kopo moja la lita likizunguka. Habari ya siku hiyo ilikuwa korona. Mmoja alishikilia kwamba kirusi kilitengenezwa maabara huko Wuhan. Wa pili akasema hapana, ni wanyama wa porini waliouzwa sokoni. Wa tatu, mzee tunayemheshimu, akaukata ubishi: "Wanyalukolo, huo ni ugonjwa wa watu wa ndege. Mlima Kitonga hauwezi kuupanda." Kila aliyemaliza hoja yake alipokea kopo, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja, akampa jirani. Hakuna aliyelitazama lile kopo. Hata mimi nilikunywa.

Njiani kurudi nyumbani nilikumbuka kikombe kingine.

Mwaka 1998 mama yangu mdogo alirudi kijijini kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akifanya kazi za ndani. Alirudi amekonda, anakohoa, nywele zimekuwa laini kama za mtoto mchanga. Nyumbani alipewa kikombe chake cha bati. Ili kisichanganyike na vingine, kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake. Kilioshwa peke yake na kukauka peke yake juu ya uchanja, na sisi watoto tulionywa kwamba atakayekigusa atakufa. Alipofariki, kikombe kilitupwa chooni. Baada ya matanga tukapangwa mstari uani kunyolewa, wakubwa kwa wadogo, kwa wembe mmoja.

Ndugu wasomaji, naomba tuviweke hivi vitu vitatu mbele yetu: kikombe cha bati, wembe wa matanga na kopo la ulanzi. Virusi vya UKIMWI havipiti kwenye kikombe, lakini kikombe tulikihukumu. Damu inapita kwenye wembe, na wembe tuliupisha bila neno. Korona inapita kwa pumzi na mate, nasi tulifunga mlango tukazungusha kopo huku tukijadili China. Hatukuwa wajinga wala wakaidi kuliko watu wengine. Tatizo letu ni kwamba mara zote tulikwisha kuamua ugonjwa ni wa nani, na tukishaamua hivyo, macho yetu huacha kutazama mikono yetu.

Wapo wanaosema kujadili asili ya ugonjwa ni kupoteza wakati. Mimi sikubaliani nao. Mwanadamu akifikwa na msiba ana haki ya kuuliza umetoka wapi. Kinachotuponza ni kulitumia swali hilo kama ukuta wa kujifichia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa kule waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichovushwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Kwa hiyo ukawa ugonjwa wa walanguzi. Wengine wakasema ni uchawi wa waliodhulumiwa mali mpakani. Mwaka huohuo gazeti moja la India liitwalo Patriot lilichapisha hadithi kwamba kirusi kilibuniwa na Wamarekani, na baadaye ilikuja kufahamika kwamba hadithi hiyo ilisukumwa na majasusi wa Urusi ya Kisovieti. Hadi leo ukikaa stendi ya Ilula utaisikia, imevaa nguo mpya. Huku tukisema ni wa Wahaya wa Kagera, ni wa Wazungu, ni wa madereva, kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na wagonjwa wake.

Sasa tazameni waliouliza swali hilohilo kwa uaminifu walifika wapi. Wanasayansi walifuatilia ukoo wa kirusi kwa kulinganisha sampuli za damu, ya zamani kabisa ikiwa ya mwaka 1959 kutoka Kinshasa, enzi hizo Léopoldville. Wakabaini kwamba kilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, yumkini kupitia damu ya mnyama aliyewindwa, kikamwingia binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miaka mingi kilitembea polepole. Kilichokipa kasi ni Kinshasa ya wakoloni: mji wa vibarua, wanaume wengi waliotengwa na wake zao, sindano zilizotumika kwa mgonjwa huyu na yule bila kuchemshwa ipasavyo, na reli, ambayo kufikia mwisho wa miaka ya 1940 ilikuwa ikipitisha watu zaidi ya milioni 1 kwa mwaka katika mji huo. Mnaona? Swali la asili likiulizwa vizuri halituonyeshi mchawi. Linatuonyesha njia, kazi, umaskini na utengano wa mume na mke.

Na hizo zote tunazo Kilolo. Barabara kuu ya kwenda Zambia, iliyotengenezwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kutafuta njia nyingine ya shaba na mafuta yake, inaingia wilayani kwetu Ruaha Mbuyuni, inapanda Kitonga, inapita katikati ya Ilula. Barabara hiyo imetulisha. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula vimesomesha watoto wetu. Lakini mnunuzi wa nyanya halali bure, na gari lililoharibika mlimani hungoja spea siku mbili tatu. Upande wa juu, kwenye mashamba ya miti ya mbao, wapo vibarua wanaokaa miezi bila kuona familia. Na mabasi yanayoshuka Dar es Salaam yamebeba kwa miaka mingi mabinti zetu waendao kazi za ndani, wengine hawajatimiza miaka 15.

Hapo ndipo namrudia mama mdogo. Ukoo mzima uliuliza ameupata wapi, na kila aliyeuliza alikuwa na jibu tayari: umalaya wa mjini. Hakuna aliyeuliza alilala chumba gani katika nyumba alimofanya kazi, ufunguo wa chumba hicho alikuwa nao nani, na angeweza kumkatalia nani wakati mshahara wake haukumfikia mkononi. Huko ndiko asili ya ugonjwa wake ilikokuwa. Hatukupachungulia, tukafunga uzi kwenye kikombe.

Takwimu za taifa zinatuhusu sana sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa 2007 na 2008 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa Iringa, wakati Njombe bado ikiwa ndani yake, asilimia 15.7 walikuwa na VVU. Utafiti wa 2022 na 2023 ukakuta Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, huku wastani wa taifa ukiwa 4.4. Maana yake hapa Iringa, katika kila watu wazima 9, mmoja anaishi na kirusi. Lakini namba hiyo isisomwe kama aibu. Sehemu yake ni watu ambao dawa zimewazuia kufa, wanalima, wanalea, wanaimba kwaya. Mwaka 2011 majaribio makubwa ya kimataifa yalionyesha kwamba aliyeanza dawa mapema alipunguza hatari ya kumwambukiza mwenzake kwa asilimia 96. Leo inafahamika kwamba anayemeza ARV kila siku hadi kipimo kisiweze kuviona virusi katika damu yake hamwambukizi mwenzi wake. Jirani yako anayekwenda kliniki kila tarehe yake si hatari kwako. Wa kukutia hofu ni yule ambaye hajapima, na huenda ni wewe.

Siwezi kupita bila kutaja kikombe cha Babu. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kijijini Samunge huko Loliondo, aligawa dawa ya mizizi kwa shilingi 500 kikombe, ikisemwa inaponya UKIMWI, kisukari na mengine. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na viongozi wakubwa walikwenda na kunywa. Simdharau mtu aliyekwenda. Aliyekuwa na mgonjwa ndani alishika alichoweza kushika. Lakini wapo walioacha ARV baada ya kunywa, na kirusi hakikuwasubiri. Tulipojifukiza nyungu dhidi ya korona mwaka 2020 tukiamini imetosha, tulikuwa tunarudia safari ileile. Hesabu ya wagonjwa wa korona ilikomea 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei mwaka huo, kisha kimya. Naamini kimya kile kilitudhuru, kwa maana serikali isiposema, kilabu husema. Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, wengi walikuwa wamekwisha kushiba maneno ya vijiweni.

Basi nisemeje kwenu wazazi na vijana wa Kilolo? Wanaume, mmefanya vizuri kujitokeza kwenye tohara kwenye kambi za miezi ya baridi. Tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 60, lakini zilizobaki ni 40, na mkeo haimkingi moja kwa moja. Kondomu haikufutwa na tohara. Mama mjamzito apime mapema na mumewe akiwa kando yake. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika 100 huambukizwa, ila dawa zikitumika vizuri hawafiki 5 katika 100. Wazazi, sheria ilibadilishwa mwaka 2019, na kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kupima bila kusubiri idhini yenu. Msimgombeze atakayekwenda. Na anayemtoa binti yake kwenda kazi za ndani amfuate huko, aione nyumba, akione chumba, ajue ufunguo anao nani.

Naongeza jambo moja kwa uzito wote. Gharama za vita dhidi ya UKIMWI kwa miaka mingi zimebebwa na wafadhili, hasa mpango wa PEPFAR wa Marekani tangu 2003 na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na watu wanaoishi na kirusi nchi nzima wakakumbuka kwamba kidonge chao kinategemea saini ya mtu asiyewajua. Halmashauri zetu, makanisa yetu na vyama vyetu vya ushirika viseme mapema vitachangia nini siku mkono huo ukifungwa moja kwa moja.

Na kama nyumbani kwenu kuna kikombe kilichotengwa, kirudisheni kabatini leo, kisha nendeni zahanati, mume na mke pamoja. Kipimo ni tone la damu kutoka kidoleni, majibu hutoka kabla nusu saa haijaisha, na katika vituo vya serikali hakuna shilingi inayodaiwa.