Nguruwe wa Bei ya Kutupa, Kifafa cha Maisha

Ndugu mfugaji, na wewe ndugu mnunuzi unayezunguka na pikipiki kukusanya nguruwe, leo siongelei chanjo wala kunenepesha. Naongelea biashara moja ambayo wote tunaijua na wote tunaifumbia macho: nguruwe mwenye vifuko.

Mnajua inavyokwenda. Mnunuzi anamlaza nguruwe, anamtia mti mdomoni, anavuta ulimi na kupapasa chini yake. Akikuta vivimbe vyeupe kama punje za mchele, anatikisa kichwa, lakini haondoki. Anashusha bei, mfugaji ananung'unika, wanakubaliana. Nguruwe huyo hapelekwi kwa mkaguzi. Anachinjwa usiku nyuma ya nyumba, na kesho yupo kwenye karai la kitimoto kijiji cha pili. Mfugaji kapata chochote, mnunuzi kapata faida, mlaji kashiba. Nani kaumia?

Ameumia mtoto ambaye pengine hajala hata kipande cha nyama hiyo. Nitaeleza kwa nini.

Vifuko hivyo ni nini?

Ni watoto wa mnyoo aitwaye tegu. Kila kifuko kina maji na kichwa kidogo cha mnyoo ndani yake. Ukila nyama yenye vifuko ambayo haijaiva, kichwa kile kinajishikiza kwenye utumbo wako na kukua kuwa tegu mwenye urefu wa mita kadhaa. Baada ya miezi kama miwili anaanza kudondosha pingili, na pingili moja inaweza kubeba mayai 50,000 hivi. Mayai yanatoka na kinyesi chako. Wewe huumwi sana, pengine tumbo linakusumbua kidogo tu.

Sasa fuata njia ya mayai hayo. Ukijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura anakuja kula kinyesi. Mayai yanaanguliwa tumboni mwake, yanapita kwenye damu na kuwa vifuko kwenye nyama. Hapo ndipo wengi tunapoishia kuelewa.

Lakini mayai hayo hayachagui nguruwe. Mtu mwenye tegu asiyenawa mikono akipika, akikata kachumbari au akimlisha mtoto, anagawa mayai. Mtu akiyameza, yanafanya kwake yaleyale yanayofanya kwa nguruwe: yanakuwa vifuko kwenye misuli, kwenye jicho na kwenye UBONGO. Kifuko kwenye ubongo huleta kifafa, maumivu makali ya kichwa, wakati mwingine upofu au kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo yenye tegu huyu, asilimia 30 hivi ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa sababu yake. Na siyo habari ya mbali. Watafiti wamemkuta kwa nguruwe na kwa watu hapa kwetu, Mbulu, Mbozi na Mbinga.

Hoja mnazonipa kila siku

*"Mimi sili nguruwe, hayanihusu."* Yanakuhusu. Mwaka 1992 madaktari wa New York walitoa taarifa ya wagonjwa wenye vifuko kwenye ubongo. Walikuwa Wayahudi wanaoshika sana dini, watu wasiogusa nyama ya nguruwe. Uchunguzi ulielekeza kwa wafanyakazi wao wa ndani, ambao wengi walitoka nchi zenye tegu. Anayekula nyama mbichi anapata tegu. Anayekula mayai kutoka mkono mchafu anapata vifuko. Muislamu, Msabato, mtoto mchanga, wote wamo.

*"Moto unaua."* Kweli, moto unaua, nyama ikiiva hadi ndani. Lakini karibu na jiko la kuchoma, saa mbili usiku, wateja wamejaa na kila mmoja anasema harakisha. Kipande kinene kimeungua nje, ndani kina damu. Huwezi kuweka afya ya kata nzima mikononi mwa mchoma nyama mmoja mwenye haraka.

*"Kifafa ni mambo ya kurogwa."* Hapa ndipo nakasirika. Mtoto anaanguka, anapelekwa kwa mganga, mbuzi wawili wanaondoka, jirani bibi kizee anatajwa kuwa mchawi, na nguruwe bado wanazunguka nyuma ya choo kisicho na mlango. Mtoto anatolewa shule. Siku anaangukia motoni, watu wanaogopa kumshika wakisema povu linaambukiza. Haliambukizi! Mtoe motoni, mlaze ubavu, mpeleke kituo cha afya. Dawa za kifafa zipo na zinasaidia, mradi asiache kumeza bila kumwuliza mhudumu.

*"Bwana mifugo, kumfungia nguruwe ni gharama."* Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ni ya kweli. Nguruwe anayezurura anajitafutia, wa bandani anakudai pumba kila asubuhi. Lakini piga hesabu yote. Nguruwe mwenye vifuko unamuuza kwa bei ya kutupa. Anayezurura anakula shamba la jirani, mnagombana hadi kwa mtendaji. Tena ndiye anayeokota homa ya nguruwe na kuwamalizia wote. Banda la miti na majani ya viazi vitamu, mashudu kidogo na mabaki ya jikoni yaliyochemshwa, hayakushindi.

Na sisi serikali tuna deni

Nisiwaseme ninyi peke yenu. Mfugaji anayepeleka nguruwe kwa mkaguzi na kukutwa na vifuko anaweza kupoteza mnyama mzima, na hapati fidia. Anayechinja usiku anaondoka na fedha. Ukiweka mambo hivyo, usishangae watu wakichagua usiku. Vijiji vingi havina hata banda la kuchinjia, na mkaguzi mmoja ana kata nzima. Haya tuyasemee kwenye vikao, kwa diwani na kwa halmashauri, bila kuona aibu.

Lakini tusingoje. Wafugaji kumi wakiunda kikundi na kila nguruwe anayeuzwa akachangia kiasi kidogo, atakayekataliwa nyama anapata cha kumfuta machozi. Hapo hakuna wa kuchinja gizani.

Fanya haya, kuanzia wiki hii

1. Chimba choo, kiwe na mlango, kitumike na watoto pia. Nguruwe asifike. Bila kinyesi cha mtu, nguruwe hapati vifuko.
2. Fungia nguruwe mwaka mzima, hata mahindi yakishavunwa.
3. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kupika. Osha vizuri mboga zinazoliwa mbichi.
4. Kata nyama vipande vidogo, ipike hadi isiwe na wekundu ndani.
5. Ulimi ukiwa safi usijidanganye. Nguruwe mwenye vifuko vichache haonekani kwa ulimi. Mpeleke kwa mkaguzi.
6. Ipo dawa iitwayo oksfendazoli, dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya nguruwe huua vifuko kwenye nyama. Niite tupime uzito. Usimpe leo ukachinja kesho: fuata siku zilizoandikwa kwenye chupa, na ujue vifuko vilivyokufa huchukua wiki nyingi kupotea.
7. Ukiona pingili nyeupe kwenye kinyesi chako, nenda kituo cha afya. Kama una kifafa au kichwa kinachouma sana mara kwa mara, USIJINUNULIE dawa ya minyoo dukani. Dawa ikiua vifuko vilivyo kwenye ubongo bila uangalizi, inaweza kuleta degedege. Mwambie mhudumu kwanza.

Wafuga mbuzi msicheke

Ninyi mna kifuko chenu. Mkichinja mbuzi, kondoo au ng'ombe na kukuta mifuko ya maji kwenye ini au mapafu, mnamtupia mbwa. Ndani ya mbwa huyo unakua mnyoo mdogo sana, na mayai yake yanabaki kwenye kinyesi na manyoya. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, mfuko wa maji unaanza kukua kwenye ini au pafu lake, polepole, kwa miaka, hadi tumbo linajaa. Turkana, Kenya, ugonjwa huu umetesa watu wengi. Tiba mara nyingi ni upasuaji, na mfuko ukipasuka ndani unaweza kuua. Kwa hiyo chimba shimo refu uzike, au choma moto. Mbwa mpe dawa ya prazikwanteli angalau mara 4 kwa mwaka.

Uvimbe mwingine wa maji, kama wa kwenye kifundo cha mkono au kwenye kizazi cha mwanamke, hauhusiani na mifugo. Huo mwone daktari, na usikubali mtu autumbue kwa wembe.

Ndugu mnunuzi, namalizia na wewe. Kidole chako ndicho kinachojua kwanza. Ukigusa punje ile chini ya ulimi, unajua unachokinunua na unajua kitaishia kwa nani. Mwambie mfugaji ukweli, mwelekeze kwangu, endelea nyumba ya pili. Faida ya nguruwe mmoja haifiki mwezi. Kifafa cha mtoto wa mtu kinafika kaburini.

Ofisi ya kata iko wazi Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Siku nyingine nipo vijijini, nisimamishe njiani.