Kona ya Shamba: Mbegu ikipanda boti

Mvua inakaribia na bandarini Kazimia tunaanza kuona mizigo ya kila mwaka: miti ya mihogo iliyofungwa kwa kamba, marando ya viazi vitamu, watoto wa migomba. Dada anatumia dada yake aliye Baraka, bibi anatumia wajukuu Kalemie. Desturi hii imetusaidia sana. Jamaa zetu waliorudi kutoka kambi za Tanzania kuanzia mwaka 2005, na meli ikiwashusha Baraka, walikuta mashamba yamekuwa pori. Wengi walianza tena kwa mbegu ya jirani.

Lakini ndani ya fungu hilohilo la zawadi ugonjwa unaweza kusafiri. Mwenye kupokea mhogo mgonjwa hajui siku hiyo. Atalima, atapalilia karibu mwaka mzima, halafu siku ya kuchimba atakuta mizizi imeoza ndani, na hakuna cha kuwapa watoto. Kwa sababu hiyo, kazi ya kutuma mbegu inaanzia shambani, kabla hatujatafuta kamba.

Kuchagua. Magonjwa mawili ya mhogo tuyaogope zaidi. La kwanza ni mozaiki: majani yanajikunja, yanakuwa madogo, yana madoa ya kijani na manjano. La pili ni michirizi ya kahawia. Hili liliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 ng'ambo ya ziwa letu, Tanganyika ya wakati ule. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani, lakini mwaka 2004 likaonekana Uganda, na baadaye likafika huku kwetu mashariki ya Kongo. Ni ugonjwa mjanja, maana majani ya juu yanaweza kuwa mazuri huku mzizi unaharibika. Tuangalie majani ya chini kama yana manjano kando ya mishipa, na shina kama lina michirizi ya kahawia. Kisha tuchimbe mzizi mmoja au miwili ya shina tunalotaka kukata, na tuipasue. Ikiwa na madoa makavu ya kahawia ndani, shina hilo lisitumwe kwa mtu, wala tusilipande wenyewe. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe wadogo, lakini mwendo wa mbali wanaupata kwa mikono yetu, ndani ya mafungu.

Kwa mgomba, ukikata shina ukaona uji wa manjano unatoka, au ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, huo ni mnyauko. Ulionekana Masisi mwaka 2001 na umeharibu migomba mingi Kivu. Shamba lenye mnyauko lisitoe mtoto hata mmoja, na panga lililokata huko lipitishwe motoni kabla ya kukata kwingine. Mtoto wa shamba zima tumenye mizizi na udongo, tumchovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hiyo inaua minyoo na mayai ya wadudu, lakini mnyauko haiuponyi.

Kufunga. Miti ya mihogo iwe imekomaa, ya miezi 8 mpaka 18. Tuiache mirefu, kama mita moja. Vipande vya sentimita 20 hadi 30 vikatwe siku ya kupanda, kwa maana kila mahali palipokatwa panakauka. Tufunge kwa kamba laini isiyochubua macho, vichwa vyote upande mmoja, na upande wa chini tuweke alama ya kitambaa. Tusifunge ndani ya sashe: joto na jasho vinaozesha. Majani ya ndizi makavu au gunia lenye matundu vinatosha.

Marando hayana subira. Tukate asubuhi, sehemu ya ncha, kama sentimita 30, maana huko chini fukusi wanapenda kutaga. Tupunguze majani (hayo ni matembele ya jioni), tuzungushie kitambaa chenye unyevu upande wa chini, tusimamishe ndani ya kikapu. Yafike na kupandwa ndani ya siku 3.

Botini, tumwombe mwenye chombo aweke fungu mbali na mashine, bidoni za mafuta na dagaa wa chumvi, na lisikae kwenye maji ya chini.

Kuandika. Ndani ya fungu tuweke karatasi: jina la mbegu, siku iliyokatwa, na kama mhogo ni mtamu au mchungu. Neno hili la mwisho lisisahauliwe. Mhogo mchungu una sumu mpaka uloweke siku kadhaa na kukaushwa vizuri, na mtoto anayetafuna mbichi hawezi kujua.

Kupokea. Mama aliyeletewa afungue siku hiyohiyo, asimamishe miti kivulini, akwaruze ganda kidogo: maziwa yakitoka upesi, mti uko hai. Apande pembeni, mbali na shamba la zamani, aangalie majani mapya kwa majuma ya kwanza. Mche wenye mozaiki ang'oe na kuuchoma, hata kama umetoka kwa mtu anayempenda.

Kwa jamaa walioko Nyarugusu au Kigoma, mpaka wa nchi una sheria yake: mmea hai unadai kibali cha kule na cheti cha afya ya mimea kutoka huduma ya karantini ya huku. Bila karatasi hizo tutume unga, tusitume miti. Na kama shina linatupa mashaka, tumwite agronomu alitazame kabla boti halijaondoka.