Michezo Mwezi Huu: Mwamuzi wa Kinshasa

Katika ngumi za kulipwa watu hupenda kutazama mabondia wawili. Lakini ulingoni huwa kuna mtu mwingine. Huyo ni mwamuzi. Havai glavu wala hapigwi, lakini akikosea, mtu anaweza kunyang'anywa ushindi, au hata kufa. Mwezi huu tutamzungumzia mwamuzi mmoja. Jina lake Zack Clayton, Mmarekani mweusi wa mji wa Philadelphia.

Clayton alianza na mpira wa kikapu. Mwaka 1939 alikuwa katika timu ya New York Rens, timu ya watu weusi watupu, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kulipwa mjini Chicago. Mpira haukumlisha vya kutosha. Alifanya kazi katika kikosi cha zimamoto cha Philadelphia. Mwaka 1949 akapata leseni ya kuamua ngumi.

Sasa angalia jambo hili. Mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu ni Jack Johnson, mwaka 1908. Baadaye alikuja Joe Louis, akaushika ubingwa huo miaka karibu 12. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna mweusi aliyepewa kuamua pambano la ubingwa huo. Kupigana waliruhusiwa, kuamua hapana! Clayton ndiye aliyekuwa wa kwanza, tarehe 5 Juni, 1952, Jersey Joe Walcott alipomshinda Ezzard Charles kwa pointi katika raundi 15.

Pambano lake kubwa kuliko yote lilikuwa hapa Afrika. Lilifanyika Kinshasa, tarehe 30 Oktoba, 1974. Nchi hiyo wakati ule iliitwa Zaire. Leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. George Foreman, bingwa, alikuwa na miaka 25, na alikuwa akiwaangusha watu kama migomba. Joe Frazier alimwangusha mara 6 katika raundi 2 tu. Pambano lilianza kama saa kumi alfajiri, ili Wamarekani walione kwao wakati wa usiku.

Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Mara nyingi alimshika shingo. Kila wakishikana, Clayton aliingia kati akawaachanisha. Hii si kazi nyepesi. Wale ni watu wawili wenye kilo karibu 100 kila mmoja.

Raundi ya 8 ilipokaribia kwisha, Ali alirusha ngumi mfululizo. Foreman akazunguka, akaanguka. Hapo mwamuzi hufanya mambo mawili. Kwanza humwondoa aliyepiga, aende kwenye kona ya mbali. Kisha huhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Mtunza saa aliye chini ya ulingo ndiye anayeanza kuhesabu, na mwamuzi hufuata hesabu hiyo. Aliyeanguka akisimama kabla ya kumi, na akiwa na uwezo wa kujikinga, pambano huendelea.

Foreman aliinuka hesabu ikiwa inakwisha. Clayton akapunga mikono. Pambano limekwisha! Zilikuwa zimebaki sekunde 2 tu raundi iishe. Kama angemruhusu, Foreman angepata dakika nzima ya kupumzika kwenye kona yake.

Maneno yakawa mengi. Foreman alilalamika kwamba alihesabiwa haraka. Alilalamika pia kwamba kamba zilikuwa zimelegea. Miaka mingi ilipopita alikubali kwamba Ali alimshinda. Mimi naona Clayton alifanya kazi yake. Bondia yule alikuwa amekwisha nguvu, na kumsimamisha tena mbele ya ngumi za Ali ingekuwa kumtia hatarini. Lakini fikiri mwenyewe uzito wa kazi ile. Uwanja umejaa watu wanaopiga kelele, ubingwa wa dunia unangoja, na wewe unahesabu mpaka kumi.

Clayton alifariki mwaka 1997. Mwaka 2017 Marekani iliweka jina lake katika jumba la heshima la michezo, si kwa ajili ya ngumi, bali kwa ajili ya ule mpira wa kikapu wa ujana wake.